Mwili Kampala, Mashine Nairobi

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipozinduliwa Juni 1963, nchi tatu zilikubaliana kugawana masomo. Udaktari ukabaki Makerere, Kampala, ambako waganga walikuwa wakifundishwa tangu miaka ya 1920. Uhandisi ukawekwa Nairobi, katika kile kilichokuwa Chuo cha Ufundi cha Kifalme. Dar es Salaam ikapewa sheria. Chuo chetu kilikuwa kichanga bado: kilianza 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na Mlimani kilihamia 1964. Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa Mkuu wa kwanza wa chuo hicho cha nchi tatu, na mgawanyo ule ulikuwa wa busara. Nchi zilizokuwa ndiyo kwanza zinapata uhuru zisingeweza kujenga kila kitu mara tatu.

Kwetu Temeke mgawanyo huo tuliufahamu kwa vijana wawili. Temeke ya wakati ule ilikuwa ya makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli, wapishi na matarishi wa ofisi za mjini, na wengi wao waliishi katika nyumba za kota zilizojengwa na Waingereza kwa ajili ya Waafrika. Kijana akifaulu mtihani wa Cambridge wa kidato cha sita, habari zilifika mpaka Keko. Mwaka 1966 kaka yangu mkubwa alichaguliwa kusomea uhandisi wa umeme Nairobi. Rafiki yake wa nyumba ya pili, mtoto wa kuli, alichaguliwa udaktari Makerere. Walipanda basi moja. Nairobi mmoja akashuka na sanduku lake la bati, mwenzake akaendelea na treni hadi Kampala.

Wakirudi likizo walikaa barazani kwetu, na mimi mtoto wa miaka kumi nilipitishapitisha chai ili nisikilize. Siku moja yule wa Kampala alifungua daftari lenye mchoro wa moyo, akaeleza vali zake. Kaka akaingia ndani, akatoka na pampu ya baiskeli ya baba, akaifungua mbele yetu. Akatuonyesha kile kipande cha ngozi kilichokaa kwenye ncha ya mti wa pampu: ukisukuma kinatanuka na kubana hewa iende mbele, ukivuta kinakunjika na kupitisha hewa mpya. Akakitoa, akakikausha kwa khanga ya mama, akakirudisha kikavu bila mafuta. Pampu haikupiga tena, hewa ilipita pembeni. Rafiki yake akasema ndivyo ilivyo kwa mgonjwa ambaye vali yake imelegea: damu inarudi nyuma, na mtu anavimba miguu. Kaka akataka kujua presha ni kiasi gani. Akatajiwa namba za hospitali, 120 kwa 80, vipimo vya zebaki. Akachukua mkaa akaanza kuzibadilisha sakafuni ziwe vipimo vya wahandisi. Mpaka adhana ya magharibi walikuwa bado wanabishana, mmoja akiujua mwili na mwenzake akiijua mashine, na kila mmoja akiwa na swali ambalo jibu lake lilikuwa kwa mwenziwe.

Fizikia niliipendea pale barazani, nikaifundisha mpaka nilipostaafu. Na kila nikiulizwa kwa nini kijana wa Mbagala au wa Mwananyamala anahangaika kwenda mbali kusomea uhandisi tiba, huanzia hapo, kwenye umbali wa kutoka Kampala hadi Nairobi. Elimu hii inataka mtu mmoja ajue mambo yote mawili. Afrika Mashariki iliyaweka katika miji miwili, nasi wa Dar es Salaam ilitubidi tuvuke mpaka ili tupate hata nusu moja.

Hatukuwa nyuma ya dunia kama watu wanavyodhani. Hata Ulaya na Marekani elimu hii ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kupata mlango wake. Chuo cha Glasgow kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Strathclyde kilianzisha kitengo chake cha uhandisi wa mwili mwanzoni mwa miaka ya 1960. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam, iliyokuwa bado nje ya chuo kikuu, ilianzishwa 1963 pale Muhimbili, hospitali ambayo miaka michache kabla ilikuwa ikiitwa Princess Margaret, jina la binti mfalme wa Kiingereza aliyekuja kuifungua 1956. Tulianza pamoja. Tofauti ilitokea baadaye.

Mwaka 1968 udaktari wa Muhimbili uliingizwa katika chuo kikuu. Mwaka 1970 chuo cha nchi tatu kikavunjwa, kila nchi ikabaki na chake. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kikafunguliwa Mlimani kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Kwa hiyo kuanzia 1973 mwili na mashine vyote vilikuwa Dar es Salaam, chini ya chuo kimoja. Mtu angetegemea vikutane. Havikukutana. Madaktari walikuwa Upanga, wahandisi Mlimani, katikati kuna Magomeni na Manzese na foleni ya basi. Hakukuwa na shahada iliyowaunganisha. Mwaka 1991 Muhimbili ikawa chuo kikuu kishiriki, na 2007 ikajitegemea kabisa ikaitwa MUHAS, na kila upande ukaendelea na njia yake.

Hapa nataka nikumbushe jambo ambalo sisi wa Temeke tuliliona kwa macho, kwa sababu lilipita mlangoni petu. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na stesheni yake kubwa iko kwetu, pale Barabara ya Nyerere, iliyokuwa ya Pugu, inapokutana na Barabara ya Mandela. Wachina walipoleta reli hawakuleta mataruma na vichwa vya treni tu. Mwaka 1972, reli ikiwa bado katikati, vijana 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, katika Chuo cha Jiaotong cha Kaskazini, kusomea uendeshaji wa reli: injini, mabehewa, ishara, simu. Walianza kwa kujifunza Kichina, kisha wakaingia kwenye ufundi. Mwaka 1975 wakarejea, na kila mmoja akakuta kazi yake inamsubiri. Mashine na mtu wa mashine walipangwa katika karatasi moja.

Hospitali hazikupangiwa hivyo. Mashine ya eksirei ilikuja kwa msaada wa nchi moja, jokofu la chanjo la nchi nyingine, kitanda cha upasuaji cha nchi ya tatu, kila kimoja na kitabu chake na lugha yake. Mfungaji alitoka ng'ambo, akakaa wiki, akapigwa picha na mganga mkuu, akaondoka. Fundi aliyebaki alikuwa amesomea umeme wa majumba. Alikuwa mtu hodari, mara nyingi hodari kweli kweli, lakini hakuna aliyempeleka mahali popote. Nchi yetu ilijua namna ya kupeleka vijana ng'ambo kwa ajili ya kitu maalumu. Tulifanya kwa reli na tukafaulu. Kwa hospitali tuliacha kila kijana atafute mlango wake mwenyewe, na hilo linaniuma mpaka leo.

Walioutafuta walikuwapo. Mimi nilimaliza kidato cha sita 1975, mwaka mmoja baada ya Azimio la Musoma, ambalo lilitaka mtu alitumikie taifa na kufanya kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Nikaenda Chang'ombe kusomea ualimu. Binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, alipata nafasi Ujerumani Mashariki. Huko wageni walipitia kwanza Taasisi ya Herder mjini Leipzig kujifunza Kijerumani, na yeye baada ya lugha alipelekwa Ilmenau, mji mdogo wenye misitu, ambako chuo cha ufundi kilikuwa kikifundisha elektroniki ya tiba tangu miaka ya 1950. Barua zake zilikuja kwenye karatasi nyembamba za bluu. Aliandika kidogo sana juu ya baridi na sana juu ya masomo. Asubuhi anatomia, mchana saketi. Katika barua moja alichora moyo upande mmoja wa karatasi na amplifaya upande wa pili, mshale ukitoka huku kwenda kule. Nilimpelekea kaka ile barua. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, na hakunirudishia.

Binamu alirudi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wanaokumbuka miaka ile hawahitaji kuelezwa: vita vya Kagera vimekwisha, fedha za kigeni hakuna, sabuni ya foleni. Hospitali aliyopangiwa ilikuwa na mashine za Kijapani, za Kiholanzi na za Kiingereza, na hakuna hata moja ya aina aliyoisomea. Hilo halikumshinda, maana Ilmenau walimfundisha misingi. Kilichomshinda ni vipuri. Kapasita ya bei ya mkate ililaza mashine kwa mwaka mzima, kwa sababu ilipaswa kuagizwa nje na kuombewa fedha Benki Kuu. Alianza kuchuma vipuri kutoka redio mbovu. Aliifufua mashine ya kufyonza makohozi ya wodi ya watoto kwa mota iliyotoka kwenye feni. Cheo chake kwenye karatasi za mshahara kiliandikwa fundi umeme, kwa sababu muundo wa utumishi wa wakati ule haukuwa na jina la kazi aliyosomea. Alifanya kazi hiyo miaka mingi bila kulalamika, na watoto waliopumua kwa sababu yake wako mtaani leo, ni watu wazima wenye watoto wao.

Wakati huohuo, kule Moshi, jambo zuri lilikuwa likitokea. Mwaka 1981, kwa ushirikiano na Wajerumani wa Magharibi, kilifunguliwa katika hospitali ya KCMC chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia, TATCOT. Miguu ya bandia, vishikilia mgongo, viatu vya watoto wenye nyayo zilizopinda. Mwanafunzi pale alijifunza mifupa na misuli, na akashika msumeno na plasta na plastiki ya kuyeyushwa, mambo yote chini ya paa moja. Vijana wakaja kutoka nchi nyingine za Afrika, na hata nje ya Afrika, kusoma kwetu. Ninapozungumza na wazazi wanaoamini kwamba mwanafunzi wa kigeni siku zote ni mtoto wetu akiwa ng'ambo, huwatajia Moshi. Na huwatajia pia Usa River, karibu na Arusha, ambako katika miaka ya 2000 vijana wa Kimarekani wa uhandisi tiba walianza kuja wakati wa likizo zao chini ya shirika la Engineering World Health. Mwezi wa kwanza walijifunza Kiswahili na ufundi, wa pili walikwenda katika hospitali za kaskazini kukarabati vifaa vilivyokufa. Walikuja kwetu kujifunza jambo ambalo maabara zao nzuri zisingeweza kuwafundisha: mashine inavyoishi mahali ambapo umeme unakatika na kipuri hakipatikani.

Lakini turudi nyuma kidogo. Milango ya kutoka kwetu ilianza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1980 Uingereza iliamua wanafunzi wa kigeni walipe gharama zote za masomo yao, na mtoto wa Temeke asiye na mfadhili akawa hana la kufanya kule. Mwaka 1990 Ujerumani Mashariki ikatoweka kwenye ramani. Mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika, na posho za wanafunzi waliokuwa huko zikayeyuka pamoja na thamani ya rubo. Nyumbani nako, mwaka 1992, serikali ikaanza mpango wa uchangiaji wa gharama katika elimu ya juu. Kwa karibu miaka kumi sikuona mwanafunzi wangu hata mmoja akiondoka kwenda kusomea kitu cha namna hii. Waliofaulu sana walikwenda udaktari au uhandisi wa kawaida. Wengi wao walikuwa na kipaji cha lile la katikati na hawakujua kwamba lipo.

Na hapa naingia darasani, maana naamini kikwazo kikubwa kuliko nauli na ada kilikaa humo, na wachache wanakitaja. Mwanafunzi wetu akimaliza kidato cha nne huchagua tahasusi. Akipenda mwili, huchukua PCB: fizikia, kemia, baiolojia. Akipenda mashine, huchukua PCM: fizikia, kemia, hisabati. Wa PCB hupewa hisabati ndogo, ile tuiitayo BAM, inayogusa kalkulasi juujuu. Wa PCM haoni baiolojia tena. Mgawanyo ule wa Kampala na Nairobi, ambao nchi tatu ziliuvunja 1970, uliendelea kuishi katika ratiba ya kila shule ya sekondari. Nilifundisha fizikia ya madarasa yote mawili. Saa mbili niko na PCM nawaeleza mtiririko wa kimiminika katika bomba, hesabu zinatiririka ubaoni na hakuna anayejua mshipa wa damu unavyotanuka. Saa tatu niko na PCB, nawaeleza jambo lile lile, wanaujua mshipa vizuri kabisa, na nikiandika mlinganyo wa tofauti wanaweka kalamu chini.

Wachache walikataa kukatwa nusu. Nakumbuka msichana wa Yombo aliyekuwa PCB na akaomba ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa la hisabati ya PCM, vipindi ambavyo mwenyewe alitakiwa kuwa maktaba. Mwalimu mkuu alisita, nikamwombea. Alifanya hivyo miaka miwili. Alipopata nafasi ya kusoma uhandisi tiba nchini India, aliniambia mwaka wa kwanza wenzake wa Kiafrika walilia na hisabati na wenzake wengine walilia na fiziolojia, yeye akawa ndiye wa kuwafundisha pande zote. Mwaka 2024 serikali ilitangaza orodha mpya ya tahasusi, 65 kwa jumla, na nilifurahi kusikia kwamba ukuta unalegezwa. Natamani kila shule ya Temeke na Kinondoni iwe na walimu wa kutosha kumruhusu mtoto kuchukua baiolojia na hisabati ya juu kwa pamoja. Orodha bila walimu haimsaidii.

Nchi iliamshwa Novemba 2015. Tarehe 9, siku chache tu baada ya kuapishwa, Rais Magufuli aliingia Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala sakafuni na mashine za MRI na CT scan hazifanyi kazi. Bodi ya hospitali ikavunjwa. Redio za daladala hazikuzungumza kitu kingine wiki nzima, na kwa mara ya kwanza nilisikia watu wa sokoni Tandika wakiuliza: nani anazitengeneza hizo mashine? Kama swali hilo lingeulizwa mapema, jibu lilikuwa limeshachapishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa mwaka 2011 hesabu ya vifaa vya hospitali zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye kipato kidogo. Karibu asilimia 40 vilikuwa havifanyi kazi, na miongoni mwa sababu kubwa ilikuwa ukosefu wa watu waliofunzwa.

Tangu wakati huo mambo yamekwenda mbele, nasema hili kwa furaha. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 2015, inafanya upasuaji ambao zamani ulimlazimu mgonjwa apelekwe India. Novemba 2017 ilizinduliwa hospitali ya Mloganzila, nje kabisa ya jiji, upande ule tuliozoea kuuita Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya. Ilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, ina vitanda zaidi ya 500 na vifaa ambavyo binamu yangu angevitazama kwa machozi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo cha Ufundi Arusha wanatoa mafundi sanifu wa vifaa tiba, na MUHAS yenyewe ina shahada ya uhandisi tiba. Kijana anaweza leo kusoma mwili na mashine pamoja akiwa anakula ugali wa kwao.

Mbona basi bado wanaondoka? Kwa sababu kutengeneza na kubuni ni kazi mbili. Hapa tumejifunza kuitunza mashine ya wengine. Anayetaka kubuni vali ya moyo, au kukuza tishu, au kusoma mawimbi ya ubongo, anahitaji maabara ambazo kwetu bado ni chache. Jirani zetu wameonyesha kwamba ubunifu unawezekana nyumbani: Brian Gitta wa Uganda alipata mwaka 2018 Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu. Miaka mitatu kabla, tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa Askwar Hilonga wa kwetu, kwa kichujio chake cha maji, na yeye uzamivu wake aliufanya Korea Kusini. Kwenda na kurudi ndiyo njia iliyotuletea mengi tuliyonayo.

Kwenda kwenyewe kuna sura yake. Pasipoti inafuatwa Kurasini, Uhamiaji, wilaya ya Temeke. Viza ya Marekani au ya China inafuatwa Msasani, Kinondoni. Katikati ni jalada la makaratasi: vyeti vya Baraza la Mitihani (NECTA), cheti cha kuzaliwa, nakala zilizogongwa muhuri na wakili, barua ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ya kutokuwa na pingamizi. Ujerumani haidai ada kubwa, lakini kuanzia Septemba 2024 inamtaka mwanafunzi aonyeshe euro 11,904 zilizofungiwa benki kwa mwaka mmoja, zaidi ya shilingi milioni 30 za kwetu. Najua familia iliyouza kiwanja cha Chamazi kwa ajili hiyo, na vikoba vitatu vikakopwa. Ufadhili kamili wa China hutoa karibu kila kitu, na wengi huanza na mwaka mzima wa lugha, kama vijana wa reli wa 1972. Hatari nazo zipo. Wuhan ilipofungwa kwa korona Januari 2020 Watanzania wengi walikuwamo, wengine katika mabweni ya vyuo vya tiba na uhandisi, na wazazi wa Temeke walikesha na simu mkononi. Miaka miwili baadaye, kwa sababu ya vita, ikawa zamu ya wazazi wenye watoto Ukraine.

Mwanafunzi ninayewasiliana naye zaidi siku hizi anatoka Mbagala Rangi Tatu, baba dereva wa daladala, mama muuza samaki wa kukaanga. Yuko Marekani kwa ufadhili kamili, mwaka wa tatu wa uhandisi tiba. Anajenga mashine ndogo ya kupima umeme wa moyo, ECG, inayokusudiwa zahanati. Umeme wa moyo ukifika kwenye ngozi ni mdogo mno, kama milivolti 1, na mwili wa mgonjwa unadaka mngurumo wa nyaya za ukutani ulio mkubwa zaidi ya huo. Kwa hiyo mashine huwekewa kichujio cha kuukata. Marekani umeme wa ukutani ni wa hezi 60. Maabara nzima imepangwa hivyo, vitabu vya mazoezi vimeandikwa hivyo, na kichujio alichofundishwa kujenga kinakata 60. Wa kwetu ni hezi 50. Angekileta kama kilivyo, mstari wa moyo wa mama wa Mbagala ungejaa vinyweleo na daktari asingeusoma.

Aliligundua mwenyewe, akanipigia. "Shikamoo Mwalimu. Nikwambie kitu? Huku hakuna aliyenitajia hamsini." Kisha akanieleza juu ya volti. Marekani ni 120, kwetu 230, na ndiyo maana vifaa vingi vya msaada kutoka Marekani huungua siku ya kwanza vinapochomekwa bila transifoma. Mimi nimeshuhudia fyuzi ikilia na moshi ukitoka kwenye mashine mpya kabisa, wauguzi wakiwa wamesimama kuishangilia. Lakini 230 nayo ni ya kwenye kitabu. Alitaka kujua ya kweli. Akaniomba nipime soketi za kwao Rangi Tatu kwa nyakati tofauti za siku.

Mita ninayo tangu nikiwa kazini. Mama yake alinipokea, akanitengea kiti karibu na soketi ya sebuleni. Saa tisa alasiri ilisoma 224. Saa mbili usiku, pasi na majokofu ya mtaa mzima yakiwa yamewashwa, ilishuka hadi 187, ikapanda, ikashuka tena. Umeme ulipokatika na kurudi, namba iliruka hadi 251 kabla ya kutulia. Nikaziandika zote na saa zake, nikampigia picha karatasi nikamtumia. Akajibu usiku uleule kwamba amebadilisha sehemu ya kupokea umeme ili ivumilie kushuka kule, na ameongeza kinga ya kule kuruka wakati umeme unaporudi, na profesa wake ameomba vipimo vya Mbagala viingizwe katika ripoti.

Sasa anataka kujua kuhusu waya wa ethi. ECG isiyo na ethi nzuri inaleta mngurumo, na ikipata hitilafu inaweza kumpiga mgonjwa. Katika zahanati nyingi soketi zina matundu matatu, lakini tundu la tatu huenda halikuunganishwa na kitu chochote ardhini. Nimeshaonana na mganga mfawidhi wa zahanati ya karibu, amekubali, na wodi ya wajawazito ndiyo tutakayoanza nayo. Jumatatu nakwenda na fundi kufungua soketi moja baada ya nyingine.